Kutu Haingoji Vita



Huenda baadhi yenu mtatucheka. Sisi ni watu wazima wa miaka hamsini na kitu, tuliosomea uhandisi wa mitambo na kuila mkate wake hapa Uingereza kwa zaidi ya robo karne, na leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya mchezo wa kompyuta. Tuvumilieni kidogo, kwani ndani ya mchezo huo tumekutana na suala ambalo chuoni hatukufundishwa: je, mtu anayejikinga ana wajibu gani juu ya kinga yake?

Mchezo wenyewe unaitwa Kingdom Come: Deliverance. Ulitengenezwa Prague na kampuni ya Warhorse, ukatoka mwaka 2018, na sehemu ya pili ikafuata mwaka 2025. Hauna majini wala mazimwi. Unahusu nchi ya Bohemia, ambayo leo imo katika Jamhuri ya Czech, mwaka 1403. Mhusika wake mkuu ni Henry, mtoto wa mhunzi, ambaye mji wake mdogo wa Skalitz unavamiwa na wazazi wake wanauawa naye akiona. Kijana wetu wa mwisho ndiye aliyeuleta nyumbani. Jumapili za mvua alituomba tukae naye, nasi tukakaa, mwanzo kwa kumridhisha, baadaye kwa hamu yetu wenyewe.

Kilichotuvuta ni deraya. Katika mchezo huu mtu haivai kama anavyovaa koti. Chini kabisa ni vazi nene la kitambaa kilichoshonwa tabaka juu ya tabaka. Juu yake hukaa dirii, yaani shati la pete ndogo za chuma zilizoshikana. Na juu yake tena mabamba ya chuma. Kila tabaka lina kazi yake. Pete huzuia upanga usikate, lakini rungu likishuka juu yake mfupa huweza kuvunjika bila hata pete moja kukatika. Hapo ndipo lile vazi nene na lile bamba huonyesha thamani yao. Mhandisi akiona hivyo hufurahi, maana nasi hatutegemei kizuizi kimoja tu.

Mwanzoni tulifanya kama wafanyavyo wageni wote: tukachagua kila kilicho kizito. Gharama yake tukaijua upesi. Chuma kina uzito, hupiga kelele mtu akitembea usiku, na kofia iliyofunika uso wote humwachia mvaaji mwanya mwembamba tu wa kuonea. Na hayo hayakubuniwa na watengenezaji wa mchezo. Mwaka ule ule wa 1403, katika vita vya Shrewsbury hapa Uingereza, mwana wa mfalme, kijana wa miaka kama 16 aliyekuja kutawala kwa jina la Henry wa Tano, alipigwa mshale usoni. Tabibu John Bradmore aliutoa kwa chombo alichokibuni mwenyewe, na kijana akapona. Hatudhani kwamba mtoto wa mfalme alikosa fundi mzuri wa deraya. Lakini uso ni mahali pa kuonea na kuvutia pumzi, na hakuna fundi awezaye kuuziba wote.

Hata hivyo kuchagua ni kazi ya siku moja. Kazi ya kila siku ni kutunza. Baada ya pambano deraya hupungua nguvu. Mchezaji hana budi kukaa na zana zake na kuitengeneza. Akiiacha ikaharibika sana, na ustadi wake ni mdogo, humbidi ampelekee fundi na kulipa fedha nyingi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tena akiingia kijijini na tope na damu kifuani, heshima yake kwa watu hushuka. Enzi zile zenyewe, dirii ilisafishwa kwa kutiwa ndani ya pipa lenye mchanga na kuviringishwa, pete zikasuguana hadi kutu ikatoka. Kazi ya kuchosha, isiyo na sifa, iliyofanywa wakati hakuna adui.

Atasema mtu: deraya ni yangu, mwili ni wangu, nikiiacha ipate kutu namdhuru nani? Kwa muda mrefu hoja hiyo tungeikubali. Lakini kazi yetu ilitufunza vingine.

Katika kiwanda kimoja tulichofanyia kazi palikuwa na boila yenye vali ya usalama. Kazi ya vali hiyo ni kufunguka mvuke ukizidi, basi. Yaweza kukaa miaka bila kuombwa lolote, na ndiyo maana sharti ijaribiwe. Siku tulipoijaribu haikufunguka. Kutu ilikuwa imeishika. Hakuumia mtu. Lakini tulikumbuka kwamba wafanyakazi wenzetu walikuwa wakila chakula chao cha mchana kando ya boila ile kila siku wakati wa baridi, kwa kuwa pana joto. Laiti wangejua kuwa haina kinga wangekaa mbali. Waliikaribia kwa sababu waliamini inayo.

Hapo ndipo tulipopata jibu letu. Kinga mbovu ni hatari kuliko kukosa kinga, kwani aliyekosa huchukua hadhari, na mwenye mbovu huwadanganya walio nyuma yake. Askari anayesimama mstari wa mbele na deraya iliyooza amewaahidi wenzake jambo asiloweza kulitimiza. Basi kuitunza kinga ni sehemu ya ukweli ambao mtu anawadai wenzake na wao wanamdai yeye.

Tungeweza kuishia hapo, lakini Jumapili moja tulimwongoza Henry wetu hadi sokoni akiwa amevaa chuma kutoka utosini hadi miguuni. Kijana akasema, bila kututazama: "Baba, vua hiyo kofia. Hapa hakuna vita."

Tulicheka, kisha kicheko kikakatika. Miezi michache kabla ya siku ile, kijana huyo huyo alikuwa amefeli mitihani yake ya mwaka wa pili, na kwa miezi minne alimwambia mama yake tu. Tulipomuuliza kwa nini, alisema hakujua tungesema nini, kwa kuwa uso wetu hausomeki.

Wengi wenu mtaelewa uso huo ulikotoka. Tulipoanza kazi nchi hii, tulikuwa na msimamizi aliyeyarudia maneno yetu kwa kuiga lafudhi yetu, ili wenzake wacheke. Tukavaa ukimya. Tulisema machache, hatukulalamika, hatukuonyesha kuumia. Hatujuti, kwani deraya ile ilitufaa: ilitufikisha penye mshahara, nyumba na karo za watoto. Kosa letu ni jingine. Msimamizi yule alistaafu zamani, na sisi hatukuwahi hata siku moja kuivua tukaitazama kama bado inakinga chochote. Watoto walikua upande wa ndani wa ukimya ule wakiamini kwamba unawalinda, kumbe siku walipotuhitaji haukufunguka.

Hatusemi kwamba mtu atembee kifua wazi. Ugenini mishale ipo bado, na atakayewaambia vijana wetu waende bila kinga hawatakii mema. Tunasema tu kwamba anayeichagua kinga anachukua pamoja nayo kazi ya jioni: kuivua, kuitazama kwenye mwanga, na kuwauliza walio karibu naye wanaona nini. Sisi tumeianza kazi hiyo tumechelewa, na hatuna ustadi. Jumapili iliyopita tulimsimulia kijana habari za yule msimamizi, mara ya kwanza tangu azaliwe. Alisimamisha mchezo akasikiliza. Kisha akauliza swali moja ambalo hatujapata jibu lake: "Mbona hukuniambia kabla sijafeli?"