Msimalizane Barabarani

Nimechoka, wanangu, lakini nitasema tena. Kila gari mbili zikigusana Gede, Timboni au pale Mnarani, neno la kwanza kutoka kinywani ni "tumalizane". Mmoja anatoa elfu mbili, mwenziwe anapokea, wanapeana mikono, kila mtu anakwenda zake. Siku ya tatu anatokea abiria aliyekaa kiti cha nyuma, shingo haigeuki. Hapo ndipo mnaponijia. Nambari ya OB hamna, picha hamna, shahidi hamna, na zile elfu mbili kila mmoja ana lake: aliyepokea asema mwenziwe alikiri kosa, aliyetoa asema ilikuwa ihsani tu.

Sheria ya Trafiki inakutaka usimame, utoe jina na anwani yako kwa mwenye haki ya kuuliza, na usipofanya hivyo ufike polisi ndani ya saa 24. Nenda hata kama mmepatana. Bila abstrakti ya polisi, kampuni ya bima haitafungua faili lako. Piga picha kabla magari hayajasogezwa: nambari zote mbili, alama za breki, na lile shimo la lami ambalo kesho serikali ya kaunti itaapa halikuwapo. Pole mpe mwenzio, na maji mpe, huo ndio uungwana wetu. Lakini usiseme "nitalipa mimi". Bima nyingi zimeandika wazi kwamba hutakiwi kuahidi malipo bila idhini yao, na ukiahidi, umebeba mzigo peke yako.

Halafu wako wenye ile bima ndogo, thadi pati, wanaotembea kifua mbele kana kwamba wamekingwa na kila balaa. Sheria ya kale ya bima ya magari, sura ya 405, inakulazimisha kukinga kifo na majeraha ya watu wengine, na kwa mtu mmoja haidai zaidi ya shilingi milioni 3. Ukuta wa jumba la Mtaliano kule Casuarina uliougonga ni jambo la mkataba wako: umo au haumo? Gari lako mwenyewe ndilo halimo kabisa.

Na nyinyi wa Probox, jamani. Bima umekata ya gari la nyumbani, asubuhi unapakia watu wa nauli kutoka Kilifi hadi Malindi. Ajali ikitokea, swali la kwanza la mkaguzi kwa abiria ni: ulilipa ngapi? Abiria atasema kweli, kwa nini aseme uongo kwa ajili yako? Dai lako la kutengenezewa gari limekufa hapo hapo.

Gereji nazo nizizungumzie. Usiguse gari kabla mkadiriaji wa bima hajalitazama. Fundi wako akishanyoosha bodi, hasara iko wapi ya kukadiriwa? Bahari yetu inakula mabati, kila mtu ajua, na bima hailipi kutu. Ikiwa mlango ulikuwa umeoza kabla ya ajali, usitarajie kupewa mpya bure. Na siku ya kulichukua gari, nenda na sumaku. Ipitishe palipotengenezwa. Ikikataa kushika, chini ya rangi kuna puti nene badala ya bati, na mvua za masika zitakuonyesha. Kataa kutia sahihi kwamba umeridhika mpaka lirekebishwe.

Bima ya nyumba ni hivyo hivyo, na makuti ndiyo yanayoniuma roho. Cheche moja na upepo wa kusi, nyumba haipo. Mwambie wakala ukweli kwamba paa ni la makuti, hata kama ada itapanda. Wala usipunguze thamani ili ulipe kidogo. Nyumba ya milioni 4 ukiikatia bima ya milioni 2, moto ukila ya milioni 1, utalipwa laki 5, maana umejikinga nusu. Na mafuriko yaulizie kwa jina. Novemba 2023 maji yalikata barabara pale Mbogolo. Asiyekuwa na neno hilo katika mkataba wake alibaki kutazama.

Wanaoogopa riba, takaful, bima ya Kiislamu, ipo Kenya tangu 2011. Na wanaotafuta bei rahisi kuliko zote, wakumbuke kwamba kampuni ya bima ya Blue Shield iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2011, na Xplico mwaka 2023, wateja wakiwa na madai yao mkononi. Kampuni ikikuzungusha bila sababu, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, kwa maandishi, ukiambatisha nakala za kila barua. Maneno ya simuni hayasomwi na mtu.

Vocha ya malipo ikija, hesabu kwanza. Ukiitia sahihi kuwa umepokea yote, umefunga mlango mwenyewe.

Basi toeni ule mkataba leo, someni kurasa za masharti, zile zenye herufi ndogo. Neno lisiloeleweka mlipigie mstari, mmuulize wakala kabla ya ajali, angali anawahitaji.