Je, Mgeni Aseme Kweli Mezani?

Wazee wetu walitufundisha mengi juu ya kumpokea mgeni, lakini juu ya wajibu wa mgeni mwenyewe walitufundisha machache. Twajua kwamba mgeni ni kuku mweupe, macho yote humwelekea. Tena siku ya tatu hupewa jembe. Lakini liko swali gumu kuliko jembe. Mwenyeji akisema neno lisilo la haki, nawe umeketi mezani pake na kula chakula chake, je, unyamaze au useme?

Swali hilo lilinikabili nchini Hispania mwaka 2019, nilipokaa juma moja na jamaa ya wakulima katika kijiji cha mkoa wa Soria. Mkoa huo una watu wachache mno. Hawafiki 10 kwa kila kilomita ya mraba. Nyumba za kijiji ni za mawe, makorongo hujenga viota juu ya mnara wa kanisa, na shule ilifungwa zamani kwa kukosa watoto. Wenyeji wangu walinikirimu sana. Kwao chakula cha mchana huliwa saa nane au tisa, na cha usiku saa nne. Walipoona njaa yanisumbua, waliniwekea mkate na matunda mapema. Divai sikunywa. Nilieleza sababu kwa shukrani, wala hakuna aliyenuna.

Siku ya nne, mezani, babu wa nyumba aliwasema vibaya Waafrika wanaovuka bahari kwa mashua, kwamba ni wavivu wanaokuja kula jasho la wengine. Kijana aliyenitafsiria aliona haya, akayafupisha maneno. Lakini uso wake ulikwisha kunieleza yote.

Wako watakaosema, nyamaza, mgeni hana haki ya kumsahihisha mwenye nyumba. Hoja hiyo ina nguvu, maana adabu hulinda amani. Lakini kunyamaza kwangu kungekuwa kukubali. Ningepokea ukarimu kwa sababu tu mimi si mmoja wa wale wa mashuani, nao wangekosa hata shahidi mmoja. Tena mgeni alaye na kuificha kweli humfanya mwenyeji wake kuwa mwenye hoteli: achukua chakula chake, lakini moyo wake haumhusu.

Wengine watasema, mkemee. Lakini kumwaibisha mzee mbele ya wajukuu wake, nyumbani mwake, ni kisasi kilichovaa nguo ya kweli.

Bwana wetu alituonyesha njia. Katika Luka sura ya 7 alikuwa mgeni wa Simoni Farisayo, ambaye moyoni alimdharau mwanamke mwenye dhambi. Yesu hakunyamaza, wala hakuondoka kwa hasira. Kwanza alimwambia Simoni kwamba ana neno la kumwambia. Kisha akamsimulia habari za wadeni wawili, na hukumu akamwachia Simoni mwenyewe aitoe.

Basi nilimwuliza mzee, vijana wa kijiji hiki walikwenda wapi? Akasema Zaragoza, Madrid na Barcelona. Na zamani? Akafikiri kidogo, akasema kwamba yeye mwenyewe alifanya kazi ya kiwandani Ujerumani, baada ya serikali za nchi hizo mbili kupatana juu ya wafanyakazi mwaka 1960. Nikamwuliza kama huko aliwahi kuitwa mvivu. Hakujibu. Alinisogezea mkate.

Kama mawazo yake yalibadilika, hilo ni kati yake na Mungu. Mgeni hupewa nafasi ya kuuliza. Hakupewa kiti cha hakimu. Lakini jambo lenyewe si dogo. Mwaka 2024 watu zaidi ya 46,000 walifika kwa mashua katika Visiwa vya Kanari peke yake, na wengine wengi walikufa baharini.

Nasi tusimcheke mzee yule. Mezani petu pia husemwa maneno juu ya wakimbizi, juu ya watu wa kabila jingine, juu ya binti anayetupikia naye yuko jikoni akisikia. Husemwa, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Twadhani kupona huko ni zawadi aliyobeba mkononi. Huenda ni swali lake. Bwana atujalie, tukiwa wageni, tuulize kwa upendo. Na tukiwa wenyeji, tusimkasirikie aulizaye.