Shamba la Naboti na Kazi ya Serikali

Mtoto asomaye shuleni humwuliza baba yake: "Ni nani aliyewapa watawala haki ya kutuamuru?" Baba wengi hujibu upesi kwamba tuliwachagua sisi, na maneno yakaishia hapo. Jibu hilo si uwongo, lakini ni nusu tu. Kuchagua ni kumtaja mtu atakayeshika mamlaka; mamlaka yenyewe yatoka kwa Mungu, aliyemwumba mwanadamu asiweze kuishi peke yake. Ndivyo alivyofundisha Papa Leo XIII mwaka 1881, akaongeza kwamba Kanisa halikatai namna yoyote ya serikali, maadamu ni ya haki na yatafuta mema ya wote.

Mwanzo wake ni nyumbani. Watu wa nyumba moja hawatoshi kuchimba mfereji, kulinda mipaka, wala kuamua shauri la majirani wawili. Hivyo nyumba zikaungana kuwa kijiji, vijiji vikawa nchi, na penye wengi hapana budi awepo wa kukata neno. Aristotle wa Ugiriki aliyaandika mambo ya namna hii zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo. Huyo huyo alizigawa serikali kwa hesabu ya watawala: mmoja, wachache, au wengi. Lakini hesabu haikumtosha. Aliona kwamba kila namna yaweza kuwa njema au kuoza, na kinachozitenga ni kujua watawala watafuta faida ya nani.

Sisi wenyewe tumeonja namna kadhaa. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru, Malkia wa Uingereza akiwa bado mkuu wa dola. Mwaka mmoja baadaye ikawa Jamhuri. Mwaka 1964 ikaungana na Zanzibar. Mwaka 1965 ukaja utaratibu wa chama kimoja kwa sheria, na mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Wako wazee walioyaona yote hayo bila kuhama kijijini kwao. Twajua kwamba wasomaji wetu hubishana mpaka usiku ni upi uliokuwa bora, wala hatuwalaumu. Hofu yetu ni kwamba mtu akishaitazama sura ya serikali, husahau kuiuliza kazi yake.

Basi na tufungue Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alilitaka shamba la mizabibu la Naboti, lililokuwa karibu na jumba lake, apate kulifanya bustani ya mboga. Aliahidi shamba jingine zuri zaidi, au fedha. Naboti akakataa, kwa maana ulikuwa urithi wa baba zake. Ndipo Yezebeli mkewe alipoandika barua kwa jina la mfalme na kuzitia muhuri wake. Mfungo ukatangazwa, baraza likaketi, mashahidi wawili wakasimama kama Torati ilivyotaka, hukumu ikatolewa, na Naboti akapigwa mawe hadi kufa. Tazameni, wasomaji wapenzi: hapakukosekana kitu. Muhuri ulikuwapo, baraza lilikuwapo, mashahidi walitimia hesabu. Kilichokosekana ni haki, nayo ndiyo ambayo kwa ajili yake vitu hivyo vyote viliwekwa.

Tena tusimtazame Yezebeli peke yake. Waliompa Naboti hukumu ni wazee na wakuu wa mji wake mwenyewe, waliokaa naye. Barua ilipowafikia, haikuandikwa kwamba hata mmoja aliuliza neno. Wengi wetu tuna mwana, binti au ndugu aliye karani, askari, hakimu au mtendaji wa kijiji. Huyo hajui ni siku gani barua ya namna hiyo itakapowekwa mezani pake, imepigwa muhuri sawasawa, na ya kumnyang'anya mjane shamba lake. Afundishwe wapi kuikataa, kama si nyumbani, angali mdogo, aonapo baba yake akigawa urithi?

Eliya alimkuta Ahabu katika shamba lile lile, amekwenda kulimiliki. Mfalme alipoyasikia maneno ya nabii alirarua mavazi yake, akavaa gunia, akafunga. Na Mungu akaiahirisha adhabu hata siku za mwanawe. Lakini hatusomi popote kwamba shamba lilirudishwa kwa watu wa nyumba ya Naboti.