Uliza Kwanza, Ndipo Upakue
Hapa kwetu Gety, mtoto akipita kwa jirani wakati wa chakula haachwi aangalie tu. Hupakuliwa bugali na sombe. Ni upendo mkubwa. Lakini yuko mtoto ambaye karanga kidogo zilizotiwa ndani ya sombe humvimbisha midomo, vipele vikamtoka, pumzi ikambana. Huo ni mzio, tusiuite uchawi wala deko. Hata mwiko uliokoroga karanga ukiingia katika chungu chake unaweza kumdhuru. Mama yake akikataa chakula chako, usimwone ana maringo: anamlinda. Na pumzi ikimbana mtoto, usingoje dawa ya majani. Mkimbize hospitali mara moja. Basi, wazazi wenzangu, leo tuulize kwanza, ndipo tupakue.