MGENI NA VIATU MLANGONI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Ijumaa hii tuongee juu ya jambo linaloonekana dogo. Mama amekwisha kupiga sima maji, ametandika mkeka, mtoto anatambaa. Mgeni anabisha hodi, viatu vyake vimejaa matope. Je, umwambie avue? Au ni kumkosea heshima, na dini yetu imetuamuru kumkirimu mgeni?

Wengi wetu tunaona haya. Tunasema, "Ingia tu baba, hakuna neno," na moyoni neno lipo. Akiisha kwenda tunaanza: "Umeona alivyochafua?" Angalia, ndugu yangu: hukutaka kumuudhi usoni, ukamsema mgongoni. Hiyo si adabu. Ni usengenyaji uliovaa nguo ya ukarimu.

Soma Surat Al-Ahzab, aya ya 53. Wageni walikula nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), wakabaki wakizungumza. Jambo lile lilimuudhi, lakini aliona haya kuwaambia. Mwenyezi Mungu ndiye aliyewafundisha kutoka, kwani Yeye haoni haya mbele ya haki. Na katika Surat An-Nur, aya ya 27 na 28, mgeni anafundishwa kuomba idhini, na akiambiwa arudi, arudi. Basi anayeweza kuambiwa arudi, atashindwa kuambiwa avue viatu?

Tena hapa kwetu jambo hili linapita usafi wa macho. Tunakaa katika nchi ya shaba na kobalti. Mwaka 2018 wataalamu wa Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa uchunguzi wao juu ya mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ambako watu walichimba katikati ya nyumba. Walikuta kobalti nyingi katika mavumbi ya nyumba na katika mkojo wa watu, na watoto waliwapita wakubwa. Mtoto anashika chini, kisha anatia mkono kinywani. Kapolowe si Kasulo, lakini hata kwetu wako wanaotoka mashimoni na viwandani, wakaingia kwa jamaa zao na viatu vile vile.

Kwa hiyo haki ya kuomba iko. Lakini namna ya kuomba ndiyo mtihani, nami niliushindwa.

Siku moja alifika kwangu mzee mvuvi kutoka ziwa Tshangalele. Nikamwambia mbele ya watu, "Mzee, viatu!" Akasimama kidogo, akasema atarudi siku nyingine. Baadaye nikajua kwamba alikuwa na kidonda mguuni, aliona haya kukionyesha. Na juma lile lile alikuja mtu mkubwa na gari lake. Alikanyaga mkeka na viatu, nami sikusema neno. Kwa mzee nilisema ni usafi. Kama ungekuwa usafi, viatu vya mwenye gari navyo vingebaki nje. Ilikuwa dharau. Nilikwenda ziwani kumwomba msamaha. Alinipa bukari na samaki, wala hakutazama viatu vyangu.

Angalieni mlango wa msikiti. Mkubwa anavua, mvuvi anavua. Hakuna anayeudhika, kwa sababu hakuna anayechaguliwa. Nyumbani nako tufanye hivyo:

1. Watu wa nyumba wavue kwanza, viatu vyao vipangwe mlangoni. Mgeni ataona na kuelewa bila kuambiwa.

2. Ukisema, sema mapema, kwa sauti ya chini, na kwa kila mtu: "Baba, utusaidie, viatu tunaacha hapa, mtoto anatambaa." Umpe ndara na maji ya kunawa miguu.

3. Ukiona anasita, usimlazimishe wala usimuulize sababu. Mwache apite, au mtoe kiti mkae wote nje. Sima inaoshwa kwa maji. Moyo wa mgeni uliouvunja, maji hayauoshi.

Mwenyezi Mungu asafishe nyumba zetu, na ndimi zetu zaidi. Amin.

Wa billahi tawfiq.