Mawe Laini ya Wadi Adai

Katika gemu la Minecraft mto hauteremki kutoka popote. Programu huanza na namba moja, mbegu ya dunia nzima, na kwa namba hiyo hukokotoa wapi ardhi iinuke na wapi izame. Bonde likishuka chini ya kimo cha 63, hujazwa maji. Ndiyo maana mto wa humo umelala sawa na bahari, na maji yake yametulia tuli. Hata kwenye jangwa la gemu hilo, ambako mvua hainyeshi kamwe, mto unapita umejaa.

Sisi tunaokaa Muscat tumezoea kinyume chake. Mvua ya mwaka mzima hapa ni kama milimita 100, na majabali ni matupu, hayana udongo wala mizizi ya kuyazuia maji. Wadi, yaani bonde la mto wa msimu, iko, maji hayapo. Watoto wanacheza mpira humo, magari yanakatiza. Lakini shuka Wadi Adai uokote jiwe moja. Limelainika pande zote, limekaa kiganjani kama yai, na jabali lililolizaa, pale pale juu, lina ncha za kuchana mkono. Kutoka ncha ile hadi ulaini huu pamepita mafuriko yasiyo na idadi, na jiwe linayashuhudia yote hata mwaka ambao halikudondoka tone.

Kwangu mimi maana ya bonde iko hapo, katika yaliyolifika. Bonde la Minecraft limechorwa vizuri, wala silidharau, ila halikufikwa na lolote. Badilisha kimo cha bahari kwenye mipangilio, mabonde yatakuwa ghuba na ghuba zitakuwa mabonde, na hakuna jiwe litakalokuwa tofauti.

Wapo watunzi wa gemu waliotaka zaidi. Tarn na Zach Adams, ndugu wawili wa Marekani waliotoa Dwarf Fortress mwaka 2006, wameifanya programu yao ipandishe milima kwanza, ipange mvua, kisha iache mito iitafune milima hiyo mpaka ipate njia ya kushukia. Mchezaji huingia kazi imeshakwisha. Naiheshimu sana subira hiyo, ya kumwekea mtu mambo yaliyotokea kabla hajafika.

Huku kwetu Muscat, Juni 2007 kilipokuja kimbunga Gonu, maji yalizifuata njia zake za kale bila kuuliza nani kajenga nini. Mtaa wa Qurum, na maduka yake na barabara zake, ulizama. Nchini Oman walikufa watu wapatao 50. Watu hawakuwa wajinga. Walikuwa wameliona bonde kavu miaka na miaka, na macho huamini yanachokiona kila siku. Leo barabara zinazokatiza wadi zina nguzo zenye alama za kupimia kina, na mgeni hushangaa kukuta kipimo cha maji mahali penye vumbi.

Natamani kijana mmoja wa hapa, anayejua kuandika programu, atutengenezee dunia yenye wadi: tambarare nzuri ya kujenga nyumba, kavu msimu baada ya msimu, mvua yake ikinyesha mbali milimani asikoona mchezaji, na chini ya miguu yake mawe laini, kwa atakayeinama kuyatazama kabla hajaweka msingi.