Aliyewafundisha kucheza



Mwaka 1861 msafiri Mwingereza, John Speke, alifika Bweranyange, Karagwe, kwa Mukama Rumanyika. Aliandika kuhusu sherehe ya mwezi mwandamo: ngoma zimepangwa, wapigaji nyuma yake, wote wakipiga kwa pamoja. Jina la mfalme tunalo. Aliyewafundisha wapigaji wale kuanza na kukoma pamoja hakuandikwa popote katika maelezo yale, na hilo linaniuma.

Ndiyo maana namkumbuka Bi Kidude, Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Dunia ilimjua kwa uimbaji wake, ikampa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Lakini kwa wanawake wengi wa kisiwani alikuwa kwanza mwalimu wa unyago. Alisimama na ngoma yake kubwa, akawaongoza wali, yaani wasichana wanaofundwa, kucheza, na ndani ya mchezo ule mkawa na mafunzo ya mwili, ndoa na heshima. Kwangu huo ni ualimu kamili, ingawa hakuwa na ubao wala cheti.

Huku kwetu Karagwe na Kyerwa wapo walimu wa namna hiyo. Wanabaki na watoto uwanjani jioni, wanarekebisha mguu mmoja mmoja, bila malipo.

Kama aliyekufundisha ngoma bado yu hai, nenda kamsalimie wiki hii. Mrekodi kwa simu yako, akikuruhusu. Muulize pia yeye alifundishwa na nani, na uliandike jina hilo.